Mrejesho: Keki ya kikaango cha sentimita 25 katika kikaango cha sentimita 20

Nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza kama keki iliyopimwa kwa kikaango cha chuma chenye kipenyo cha sentimita 25 ingeweza kuokwa katika changu cha sentimita 20. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba sentimita 5 ni tofauti ndogo, ilhali kinachohesabiwa ni eneo la duara: 20 mara 20 ni 400, na 25 mara 25 ni 625, kwa hiyo kikaango changu kina asilimia 64 tu ya eneo linalohitajika.

Kwa kuwa hiyo inakaribia theluthi mbili, nilipunguza vipimo vyote hadi kiwango hicho, na kwa bahati njema mayai 3 yaligeuka kuwa 2 bila usumbufu wa kugawanya yai. Kina cha rojo kikabaki kilekile, hivyo joto la nyuzi 180 sikulibadilisha. Nilianza kuichungulia keki dakika 5 kabla ya muda ulioandikwa, na kijiti kilitoka kikavu dakika 2 baadaye.

Dosari ilikuwa moja. Niliiacha keki ndani ya kikaango kwa muda mrefu, nacho chuma kizito huhifadhi joto hata baada ya kutolewa kwenye oveni, kwa hiyo kingo ziliendelea kuiva na kukauka. Safari ijayo nitaitoa baada ya dakika 10, nikiwa nimeufunika mpini kwa kitambaa, kwani niliushika nikiwa nimesahau kwamba nao umeokwa.