Faiba ya TV Mji Mkongwe: usiku picha inavunjika vipande. Nipande kifurushi au kuna jengine?

BarazaKiponda
Assalaamu alaykum. Nyumba ni ya zamani, kuta za mawe na chokaa, ghorofa mbili juu. Faiba imeingia ukumbini chini, kifurushi cha Mbps 20. King'amuzi cha chini kimechomekwa kwa waya, cha juu kinatumia Wi-Fi. Tangu wiki iliyopita, ikifika saa mbili ya taarifa ya habari, picha ya juu inavunjika vipande na sauti inakwaruza. Ya chini nayo imeanza, ila si sana. Mchana hakuna tatizo, na simu zinafungua YouTube vizuri wakati wote. Nimeshauriwa kwa simu nipande hadi Mbps 50. Nilipe?

Mchumi_Dole
Mbps 20 kwa nyumba nzima ni ndogo. Panda tu, utapumzika.

FundiNyuzi
Wa alaykum salaam. Usilipe kwanza, yakhe. Tazama picha inaharibika vipi. Kiduara kikizunguka katikati ya kioo, hapo kasi haitoshi: YouTube huomba tena kila kipande kilichopotea na hujiwekea akiba ya sekunde kadhaa, akiba ikiisha ndiyo inasimama. Vipande vya mraba na sauti ya kukwaruza ni maradhi mengine. Chaneli za king'amuzi hurushwa mara moja kwa wote wanaozitazama, na kipande kikipotea njiani kwa kawaida hakirudiwi, unakiona pale pale kwenye kioo. Chaneli moja ya HD hula Mbps 5 hadi 10 hivi, na kwa kawaida kampuni huipa TV njia yake mbali na intaneti. Ukipanda kifurushi unapanua njia ambayo haina tatizo.

Kwako naona mambo mawili yamekutana. La juu ni Wi-Fi, tutalirudia. La chini linanishughulisha zaidi, kwa sababu king'amuzi chenye waya hakitakiwi kuvunja picha hata kidogo. Pima mwanga. Fungua kivinjari kwenye simu iliyo kwenye Wi-Fi ya nyumbani, andika 192.168.1.1 au 192.168.100.1 (anwani na nywila zimebandikwa chini ya kisanduku cha faiba), ingia ukurasa wa hali ya faiba, soma namba ya Rx, yaani nguvu ya mwanga unaofika kwako. Itakuwa hasi. Kati ya -15 na -24 uko salama. -27 uko ukingoni.

BarazaKiponda
Nimesoma sasa hivi, saa tatu usiku: -27.6. Lakini taa ya PON, ile ya kuunganishwa na kampuni, ni kijani imetulia, na LOS, ile ya kupotea mwanga, haijawaka.

FundiNyuzi
Taa hizo ndizo zinazowapoteza watu. LOS huwaka nyekundu mwanga ukishapotea au ukishuka kupita kiasi. Mwanga hafifu tu mara nyingi hauiwashi. Na kila ukishuka 3 kwenye namba hiyo, nusu ya mwanga imekwenda. Waya umepita wapi kuingia ndani?

BarazaKiponda
Kwenye kizingiti cha mlango mkubwa, pembeni.

FundiNyuzi
Basi huenda ndiyo sababu ya mchana kuwa safi. Mchana mlango uko wazi, usiku unafungwa na kuuminya waya. Fungua mlango, ngoja dakika mbili, soma tena.

BarazaKiponda
Subhanallah. Wazi -21.9, ukifungwa -27.6. Nimerudia mara tatu, ni hivyo hivyo.

FundiNyuzi
Umeshampata mwizi. Usiuchonge mlango wala kizingiti. Waya uhamishwe juu ya fremu, ndani ya tranki ya plastiki (ule mfereji wa kufunikia waya), na popote unapokata kona usipinde kwa duara dogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai. Ile ziada iliyofungwa nyuma ya TV kwa kamba ya plastiki, ilegeze pia. Baada ya kuhamisha, namba ikibaki karibu na -27 hata mlango ukiwa wazi, uzi wa kioo umeshapata ufa. Hapo waite kampuni wabadilishe kipande. Faiba haiungwi kwa solotepu, inaungwa kwa mashine ya kuyeyusha kioo.

ZuhuraNet
Niongeze la plagi, maana hewa yetu ya chumvi haina huruma. Kichwa cha kijani kimekatwa kwa mshazari wa digrii 8, cha buluu kimekatwa bapa. Ukiingiza kijani kwenye buluu vinaingia, lakini nyuso hazigusani sawasawa na mwanga unamwagika. Usifute kwa kidole, usipulize kwa mdomo. Mate na mafuta ya ngozi ni uchafu zaidi ya vumbi. Kitambaa kisichotoa nyuzi na tone la spiriti safi (ya asilimia 99, si ile ya kidonda yenye maji mengi), futa kuelekea upande mmoja, iache ikauke, chomeka mpaka ilie "tik". Na usichungulie tundu kwa jicho: mwanga ule hauonekani, lakini upo.

WeteMjini
Ahsanteni. Na mimi wa huku Pemba niulize: naweza kukata waya wa faiba nikaweka kigawanyio, kama tunavyogawa waya wa dishi, nipate kisanduku cha pili chumbani?

ZuhuraNet
Hapana, ndugu yangu. Kigawanyio cha njia mbili peke yake kinakula zaidi ya nusu ya mwanga, na kisanduku cha pili hakitafanya kazi mpaka namba yake isajiliwe na kampuni. Faiba iishie kwenye kisanduku kimoja. Baada ya hapo gawa kwa waya wa mtandao.

Mchumi_Dole
Sawa, nimeshindwa la kifurushi. Lakini huyu wa ghorofani si anunue repita tu, kile kifaa cha kusogeza Wi-Fi mbele?

ZuhuraNet
Repita nyingi hupokea na kutuma kwa redio moja, kwa hiyo kasi hukatika nusu. Halafu chaneli za king'amuzi zikipita kwenye Wi-Fi mara nyingi hurushwa kwa kasi ya chini kabisa na bila uhakika wa kupokelewa. Ndiyo maana simu inaonesha Mbps 20 chumba kile kile ambacho king'amuzi kinavunja picha. Ongeza ukuta wa matumbawe wa karibu nusu mita, na usiku Wi-Fi za majirani zote ziko hewani. Wi-Fi ya 5 GHz huvuka ukuta huo kwa shida sana.

Vuta waya wa mtandao wa aina ya Cat6, au Cat5e unatosha kabisa, upandishe kwenye uwazi wa ngazi. Mwisho ni mita 100, nyumba yako haifiki huko. Dai shaba tupu: ule wa aluminiamu iliyopakwa shaba ni rahisi lakini hukatika ukipindwa, na unyevu huula haraka. Usiulaze pamoja na waya wa umeme, uwache nafasi ya shubiri moja. Kwenye kisanduku tafuta tundu la TV, kampuni nyingi hutenga moja, mara nyingi la nne. Ukichomeka tundu jengine intaneti itakuja ila chaneli hazifunguki, na utamlaumu bure aliyekuvutia waya.

BarazaKiponda
Ahsanta sana nyote. La mwisho: umeme ukikatika, kibetri cha kisanduku kinachoandikwa 8800 mAh kinakaa saa ngapi?

FundiNyuzi
Namba hiyo inahesabiwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, si kwa volti 12 zinazotoka. 8.8 mara 3.7 ni kama Wh (wati-saa) 32.5. Toa upotevu, zinabaki 27 hivi. Kisanduku chenye Wi-Fi kinakula wati 10, kwa hiyo saa mbili na nusu. Soma kwanza lebo ya adapta: ikiandikwa 12V 1.5A, kibetri kitoe 12V na ampea hizo au zaidi, na plagi iingie bila kulegea. TV haitawaka kwa hicho, utabaki na intaneti ya simu. Umeme ukirudi, king'amuzi kiwashe mwisho, dakika tatu baada ya kisanduku, la sivyo kitakuambia hakuna mtandao na utadhani faiba imekatika tena.