Nimeanza piano nikiwa na miaka 27. Huyu He Luting alianza lini?

MkonoWaKushoto aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya parokiani, Morogoro. Solfa nimekua nayo, ila nota za mistari nimeanza mwaka jana baada ya kununua piano ya umeme ya mtumba, vitufe 88, viwili havilii. Nina miaka 27. Kila nikiingia YouTube nakutana na wapiga piano wa Kichina. Lang Lang alianza na miaka 3, na alipofika 17 akaitwa kuziba nafasi ya mpiga piano André Watts mbele ya okestra ya Chicago, mwaka 1999, ndiyo ikawa safari. Mtu unazima simu unarudi kwenye Bwana Utuhurumie yako.

Sasa kuna rafiki kanitumia nota za kurasa chache, za mwaka 1934, mtunzi He Luting. Jina tunaweza kusema ni "Filimbi Fupi ya Mchungaji" (wa mifugo, si wa kanisa). Kwa macho ni rahisi, vidole ndiyo vinagoma, kwa sababu mkono wa kushoto haukai kama besi ya kwaya. Na wenyewe unaimba! Huyu bwana ni nani, naye alikuwa mtoto wa maajabu? Na huo mkono niufanyeje?

Fundi_Reli alijibu:

Mkuu, Mchina gani anaanza ukubwani? Huyo alikalishwa kwenye piano kabla hajaota meno 😂

Mwl Tatu alijibu:

Fundi, unamsingizia marehemu.

Nilisoma uhandisi Shanghai, na jioni nilikuwa najifunza piano kwa bibi mmoja mstaafu, ghorofa ya tano, hakuna lifti. Huo wimbo ndio alionipa mwezi wa tatu, kwa hiyo nina deni nao.

He Luting kazaliwa 1903 Hunan, kwa wakulima. Piano aliigusa kwenye miaka 20 hivi, shuleni Changsha. Halafu siasa zikamchukua: Desemba 1927 alikuwa kwenye maasi ya Wakomunisti mjini Guangzhou, yale ya bunduki. Alipoingia chuo cha taifa cha muziki Shanghai, 1931, alikuwa na miaka 28. Mwanangu MkonoWaKushoto, wewe hata huo umri hujaufikia. Mwalimu wake wa utunzi alikuwa Huang Zi, aliyesomea Marekani; walimu wa piano pale wengi walikuwa Warusi walioihama nchi yao baada ya mapinduzi ya 1917. Hela hakuwa nazo. Kitabu cha Mwingereza Prout kuhusu hamoni alikitafsiri kwa Kichina yeye mwenyewe, huku bado ni mwanafunzi.

Mwaka 1934 akafika Alexander Tcherepnin, mpiga piano na mtunzi wa Kirusi. Huyu hakutaka kuona vijana wa Kichina wakinakili Ulaya, akatangaza shindano: andikeni kipande cha piano chenye ladha ya kwenu, zawadi ya kwanza yuani 100. He Luting, miaka 31, akachukua ya kwanza kwa hiyo Filimbi, na wimbo wake wa kubembeleza mtoto nao ukatajwa kwenye zawadi. Tcherepnin akauchapisha Tokyo, akawa anaupiga mwenyewe kwenye maonyesho yake nje ya China.

(Huyo mchungaji wa kwenye jina, Kiingereza kinamwita mchunga nyati. Usimfikirie mbogo wa Mikumi! Ni nyati wa maji, yule wa kulimia mpunga, mtoto anakaa mgongoni kwake anapuliza filimbi.)

Lakini mpiga piano wa majukwaani hakuwa. Alikwenda kutunga muziki wa sinema. Nyimbo mbili alizoimba Zhou Xuan katika filamu ya Malaika wa Mtaani, 1937, ni zake, na wazee wa Shanghai hadi leo wanaziimba wakipika.

Haya, mkono. Wewe una solfa, umebahatika. Iandike: d r m s l, na f na t utaziona kwa nadra. Kisha tazama: kulia kukikaa kwenye nota ndefu, kushoto kunatembea; kushoto kukitulia, kulia kunaondoka. Ni watu wawili wanaopeana zamu ya kusema. Bibi yangu alinifunika mkono wa kulia kwa kitambaa cha jikoni, nikapiga kushoto peke yake wiki nzima huku kulia nakuimba kwa mdomo. Pedali acha kabisa. Sehemu ya kati, ile ya haraka, ni ngoma ya kawaida, haitakusumbua. Itakayokusumbua ni ya mwisho: sauti ya mwanzo inarudi ikiwa imerembwa kwa nota nyingi, na hapo ndipo watu hukimbia. Usikimbie.

Fundi_Reli alijibu:

Nafuta kauli. Ila mwalimu, nimewahi kusikia alifungwa?

Mwl Tatu alijibu:

Alifungwa. Alikuwa mkuu wa chuo kile kile tangu 1949. Mapinduzi ya Utamaduni yalipokuja, ile kampeni ya Mao iliyowaandama wasomi na wasanii, wafuasi wake wakamwonyesha kwenye televisheni, 1968, ashutumiwe mji mzima ukitazama. Akanyakua maikrofoni akapiga kelele kwamba mashtaka ni ya uongo. Alitoka gerezani 1973. Binti yake mmoja alijiua katika miaka hiyo. Walimu kadhaa wa chuo nao.

Bibi yangu hakupenda kuyazungumza. Nilipomuuliza alisimama akafunga dirisha, tukarudi kwenye mstari wa pili. He Luting alifariki 1999, na ukumbi ulioko ndani ya chuo, Barabara ya Fenyang, una jina lake. Niliwahi kukaa humo kumsikiliza mtoto wa miaka 10 hivi akiupiga huo wimbo. Aliupiga haraka mno.

MkonoWaKushoto aliandika:

Mwalimu, shikamoo. Leo siku ya tisa. Kitambaa sikupata, nimetumia kanga ya mama, naye ameuliza kama nimeumia mkono. Kushoto kumeanza kuimba, na sehemu ya kwanza nimeunganisha Jumapili baada ya misa, taratibu sana. Shida ni kwamba kitufe kimoja kati ya vile viwili visivyolia kinahitajika ukurasa wa pili. Hapo nakiimba.