Glasi ya kila jioni: moyo unapata nini, na saratani je?

Mwalimu wa Ibanda, Bukavu

Ninawasalimu nyote. Katika miaka ya 1990, marehemu baba yangu aliambiwa na daktari wake kwamba glasi ya divai nyekundu kila jioni hulinda moyo, nasi watoto tulikua tukiamini hivyo. Nina miaka 48, sivuti sigara, na karibu kila jioni, nikimaliza kusahihisha madaftari, ninakunywa bia chupa moja tu. Mwaka jana yaya yangu, dada yetu mkubwa, alipatikana na saratani ya titi, na daktari wake akanishauri nami niiache pombe. Je, nikiiacha kwa kuogopa saratani, sitauondolea moyo kinga yake? Ninaomba jibu la mtu anayelijua jambo hili, asiyenihukumu.

Muuguzi, Goma

Mama Mwalimu, pole kwa ugonjwa wa yaya. Daktari wa baba hakumdanganya. Alisema yaliyoaminika wakati ule. Watafiti waliona kwamba Wafaransa, ingawa walikula siagi na nyama yenye mafuta, walikufa kwa nadra kwa ugonjwa wa moyo, na sifa ikaiendea divai. Kasoro ilikuwa katika kulinganisha: miongoni mwa wasiokunywa walihesabiwa pia wale walioacha kwa sababu walikwisha kuugua, kwa hiyo wanywaji wa kiasi wakaonekana wazima kuliko wao, na wanywaji hao mara nyingi walikuwa watu wenye kipato na chakula bora. Mwaka 2019, watafiti waliofuatilia watu wapatao 500,000 nchini China waliangalia tofauti ya kurithi inayowafanya baadhi ya watu wasiivumilie pombe, ambayo mtu huzaliwa nayo bila kujali afya wala mfuko wake. Walipopima kwa njia hiyo, kinga dhidi ya kiharusi haikuonekana tena; hatari ilipanda kadiri pombe ilivyoongezeka.

Kuhusu saratani, au kansere kama tunavyosema nyumbani, ushahidi ni wa zamani na ni thabiti. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililoko Lyon, liliviweka vinywaji vyenye pombe mwaka 1988 katika kundi la kwanza, yaani la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Mwili huigeuza pombe kuwa asetaldehidi, sumu inayojeruhi DNA, yaani chembe za urithi zilizo ndani ya seli. Tena pombe huongeza homoni ya estrojeni, na hapo ndipo titi linapoguswa. Iwe divai, bia au kasiksi, pombe yetu ya ndizi, madhara ni yaleyale.

Mzee wa Katuba, Lubumbashi

Binti yangu muuguzi, ninakushukuru, lakini ninaogopa tusije tukamtisha mama huyu bure. Hapa kwetu nimezika vijana walioangamizwa na lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, na sioni haki kuwaweka pamoja na mtu anayekunywa chupa moja nyumbani kwake. Ukisema hatari inapanda, utuambie inapanda kutoka wapi hadi wapi.

Muuguzi, Goma

Baba, umeuliza swali linalostahili. Hesabu iliyotolewa na mganga mkuu wa serikali ya Marekani mwezi Januari 2025 ni hii: kati ya wanawake 100 wasiofikisha glasi moja kwa juma, 11 hivi hupata saratani ya titi maishani mwao, wakinywa glasi moja kila siku ni 13, na wakinywa mbili ni 15. Wengi, basi, hawaipati, na ninalisema hilo waziwazi. Lakini glasi yao ina gramu 14 za pombe, ilhali chupa yetu ya sentilita 72, yenye asilimia 5, ina gramu 28. Chupa moja ya Mwalimu ni glasi mbili. Tena, mwenye dada aliyeugua anaweza kuwa ameanza na hatari iliyo juu ya ile ya wengine.

Kuhusu lutuku tunakubaliana: ni kali zaidi, na ini linalobeba virusi vya hepatitisi B, au lililokwisha kuguswa na sumu ya mahindi yenye kuvu, huumizwa mara mbili.

Mwalimu wa Ibanda, Bukavu

Miaka hii yote nilihesabu chupa, sikuhesabu glasi. Nimezungumza na yaya jioni hii: bia ya kila siku nimeiacha, na kwenye harusi nitaonja kidogo. Jumatano ninamsindikiza kwenye miadi yake, nami nitaomba nichunguzwe matiti siku hiyohiyo.