Mdogo wangu anasomea upigaji picha Arusha: nimalizie ada au tununue kamera?

Dada wa Sakina:
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa wenye kazi hii. Mdogo wangu wa kiume yuko mwaka wa mwisho wa diploma ya upigaji picha hapa Arusha. Wazazi wetu walishatangulia, ada natoa mimi kwa biashara ya vitenge pale soko la Kilombero. Waliomtangulia chuoni naona wengi hawana ajira, mmoja anaendesha bodaboda. Sasa ananiambia, dada, hiyo ada iliyobaki tununue kamera na lenzi nianze kazi kabla ya Desemba. Nimekwama. Cheti kina faida gani kwenye fani hii?

Fundi wa Mbuyuni:
Hongera kwa kumsomesha, dada. Mimi napiga harusi, sendoff na kipaimara hapa Moshi. Hakuna kamati ya harusi iliyowahi kuniuliza cheti, wanataka kuona albamu. Lakini sikia. Sherehe ya uani, turubai la bluu, jua la saa saba linapenya: nyuso zote zinakuwa za bluu. Bibi harusi kajaa kwenye picha na gauni lake jeupe, kamera inajipimia mwanga kana kwamba mbele yake ni kijivu, gauni linatoka limefifia. Aliyefundishwa anarekebisha kabla hajabonyeza. Asiyefundishwa anakesha kwenye kompyuta, na kipaimara hakirudiwi. Ajue pia kazi ina msimu. Desemba Wachagga wamerudi nyumbani, unakataa wateja. Kwaresma ikiingia, harusi hakuna.

Mama Njiro:
Nipo kwenye kampuni ya utalii. Hatuajiri mpiga picha wa kudumu, tunampa kazi ya siku: vyumba, chakula, bwawa. Mara nyingi ni kipindi cha masika, loji ikiwa tupu na majani yamestawi. Tunamtaka anayeleta faili zilizopangwa kwa tarehe aliyoahidi, na ankara yenye TIN, namba ya mlipakodi. Wengi wanaangukia hapo, picha zao nzuri kabisa. Na asidhani ataingia tu Serengeti kupiga tangazo, kazi ya biashara hifadhini ina vibali vyake.

Mwalimu Kaloleni:
Kama anataka picha za habari, chuo asiache. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka mwanahabari awe na ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kwa kazi hiyo, na elimu inaangaliwa. Arusha hii ina makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ina Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ina mikutano ya AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa. Mlangoni unaulizwa kitambulisho, lenzi haikuingizi. Ila kama diploma yake haina masomo ya uandishi wa habari, akaulize mapema kwenye Bodi ya Ithibati.

Dada wa Sakina:
Ahsanteni sana. Nimemuuliza, moyo wake uko kwenye harusi na hoteli. Ada nalipa amalize, kamera tutakodi kwanza. Kaka Fundi, Desemba unaweza kumchukua akusaidie, hata kwa nauli na chakula tu?

Fundi wa Mbuyuni:
Aje, na posho nitampa. Avae suruali nyeusi na viatu vya kufunga, abebe memori kadi mbili za kwake. Nitamwonyesha na mkataba ninaoutumia: nusu ya hela kabla ya shughuli, inayobaki kabla kamati haijavunjwa. Kamati ikishavunjwa, hupati wa kumdai.