Mpira wa besiboli wenye saini za Brooklyn Dodgers 1955: nikague nini kabla ya mnada?

Mtoza_NJ
Wakuu, salaam. Kuna mpira unapigwa mnada Jumamosi huku New Jersey pamoja na vitu vingine vya nyumba ya marehemu. Muuzaji anasema ni wa timu ya Brooklyn Dodgers ya 1955, mwaka pekee walipotwaa World Series, yaani ubingwa wa besiboli wa Marekani, wakiwa bado Brooklyn. Saini ni kama 24, karibu zote za wino wa bluu. Ninazozisoma vizuri ni Jackie Robinson, Pee Wee Reese, Duke Snider, Gil Hodges, Johnny Podres na Sandy Koufax. Meneja Walter Alston yuko kwenye ile sehemu nyembamba mishono inapokaribiana. Ngozi ina rangi ya asali na inang'aa. Kuna na cheti cha duka kinachosema saini ni halisi. Naruhusiwa kuushika kabla ya mnada. Nianzie wapi?

Shubaka
Anza na mpira wenyewe, saini ziache kwanza. Dodgers walikuwa National League, moja ya ligi kuu mbili za besiboli Marekani, na mipira rasmi ya ligi hiyo ilitengenezwa na Spalding hadi 1976, kisha Rawlings wakachukua. Kwa hiyo tafuta mhuri wa Spalding wenye jina la rais wa ligi. Kwa 1955 lazima awe Warren Giles, aliyekaa kuanzia 1951 hadi 1969. Ukikuta Ford Frick, mpira ni wa zamani zaidi, na haishangazi sana kwa sababu mpira wa akiba huweza kutumika baadaye. Ukikuta Chub Feeney, ondoka. Huyo alianza 1970, na Gil Hodges alifariki 1972 akiwa meneja wa timu ya Mets. Timu nzima ya 1955 haikupanga foleni kumsainia mtu mpira wakati huo.

Kama hakuna mhuri wa ligi kabisa, huenda ni ukumbusho wa uwanjani wenye saini za kuchapwa. Utautambua hivi: wino wote una uzito mmoja, hakuna mahali kalamu ilipokandamiza, na majina yamepangwa kwa nafasi sawasawa kama maandishi ya kanga.

Bi_Nahodha
Nenda na lenzi ya sonara ya mara 10. Bolpeni huacha mfereji mdogo kwenye ngozi, wino wa kalamu ya kuchovya au ya tangi hauachi, huingia tu kwenye vinyweleo. Mwaka 1955 zote mbili zilikuwa zikitumika, kwa hiyo bolpeni si kosa. Makapeni ndiyo kosa. Tazama pia kama kuna mistari miwili inayofuatana ndani ya herufi moja: hapo mtu amepitishia wino juu ya saini iliyofifia. Saini hafifu lakini halisi ina thamani kuliko iliyokolezwa.

Halafu linganisha miandiko. Hili ndilo linaloua mipira mingi ya timu za miaka hiyo: nyota walichoka kusaini, na wahudumu wa chumba cha kubadilishia nguo au vijana wa kubeba gongo wakawasainia. Mpira ulitoka kweli kwenye timu, majina kumi na tano ni halali, lakini Robinson ameandikwa na mhudumu. Hakuna aliyekusudia utapeli, ila bei inaporomoka. Ukiona mkunjo uleule wa "R" kwa Robinson na kwa Reese, shaka iwe kubwa.

Mtoza_NJ
Asanteni. Huo mng'ao je? Unaweza kuondolewa?

Shubaka
Hiyo ni shelaki, aina ya vanishi. Zamani watu waliipaka wakidhani inalinda wino. Kadiri miaka inavyokwenda inageuka njano, inapasuka na kubanduka, na ikibanduka inaondoka na saini. Usiiguse. Spiriti huyeyusha shelaki na wino kwa pamoja. Raba, sabuni, maziwa, vifuta vya watoto, vyote ni maangamizi. Mpira wa shelaki hushuka bei, na hapo ndipo una nafasi ya kupatana.

Mla_Takwimu
Mwaka unathibitishwa kwa majina. Robinson na Koufax walikuwa pamoja misimu miwili tu, 1955 na 1956. Podres alikuwa jeshini msimu wote wa 1956. Kwa hiyo watatu hao pamoja wanakupeleka 1955. Sasa tafuta wanaoharibu hesabu: Don Drysdale, Sal Maglie, Charlie Neal na Randy Jackson, wote walianza kuichezea Dodgers 1956.

Cheti cha duka usikihesabu. Operesheni ya FBI iliyoitwa Bullpen iliibua saini za kughushi nyingi sana, na nyingi zilikuwa na vyeti. Barua ya PSA/DNA au JSA, kampuni zinazothibitisha saini, ndiyo wanunuzi wanaisikiliza. Hakikisha inataja kila saini, maana nyingine huandika wazi kuwa jina fulani ni la mhudumu, na muuzaji hukuonyesha ukurasa wa kwanza tu.

Mtoza_NJ
Nimekuza picha. Mhuri ni Spalding, Giles. Lakini karibu na mshono, chini ya saini ya Furillo, mchezaji mwingine wa Dodgers, naona Don Drysdale.

Mla_Takwimu
Basi timu hiyo haikuwahi kuwa uwanjani pamoja. Podres aliporudi 1957, Robinson alikuwa amestaafu. Kuna maelezo mawili ya heri: mpira ulisainiwa Vero Beach, Florida, kwenye kambi ya mazoezi ya Dodgers, kabla ya msimu wa 1955, ambako vijana wa timu za chini huchanganyika na wakongwe, au mwenye mpira alimpa Drysdale asaini miaka ya baadaye.

Bi_Nahodha
Shelaki itakujibu. Inamisha mpira pembeni ya dirisha, tazama kwa lenzi: saini ya Drysdale iko chini ya utando au imepita juu yake? Ikiwa juu, aliongezwa baada ya kupakwa, na zile nyingine hazijaharibika. Ikiwa chini, na wino wake na mkono wake ni sawa na wa Furillo aliye juu yake, usinyanyue mkono Jumamosi.