Mandara kwenda na kurudi siku moja kutokea Moshi: tupo 8, wengi hawajawahi kupanda

Njiapanda_Himo
Habari za humu wadau. Tuko watu 8 wa ofisi moja hapa Moshi mjini. Jumamosi ya katikati ya Julai tunataka kupanda Mlima Kilimanjaro kwa geti la Marangu hadi Mandara, kituo cha kwanza cha vibanda, na kushuka siku hiyohiyo. Umri ni kuanzia miaka 24 hadi 51. Wawili wanafanya mazoezi, waliobaki mazoezi yao ni ngazi za ofisini. Mmoja anataka kuja na mtoto wa miaka 6. Naomba ratiba ya saa, mavazi, kiasi cha maji na chakula, na kinachowaharibia watu siku. Hatuna bajeti ya kununua mabuti mapya.

Kibo_Kusini
Mkuu, kutokununua mabuti mapya ni heri kwenu. Kiatu kipya siku ya mlima ni malengelenge kabla hamjafika nusu ya njia. Raba iliyokwishazoea mguu inatosha, ili mradi soli ina meno na kidole gumba hakigusi mbele. Kateni kucha za miguu siku mbili kabla, kwa sababu wakati wa kushuka vidole vinagonga mbele ya kiatu kwa saa mbili mfululizo, na kucha ndefu inageuka nyeusi.

Ratiba ndiyo inayoamua siku. Geti liko kama mita 1,870, Mandara mita 2,720, umbali ni takriban kilomita 8. Mtu wa kawaida anapanda kwa saa 3 hadi 4, anashuka kwa saa 2 hadi 2 na nusu. Tokeni Moshi saa 12 kamili asubuhi, saa 1 na nusu muwe getini. Kujiandikisha, malipo na kumsubiri aliyesahau kitambulisho kutachukua karibu saa nzima. Mkianza kutembea saa 2 na nusu, saa 6 mchana mko Mandara. Wekeni saa ya kugeuza, nayo ni saa 8 mchana, popote mtakapokuwa. Wasipokubaliana na hilo mkiwa bado mjini, juu hawatakubaliana.

Malipo yanafanyika kwa namba ya malipo au kadi, si fedha mkononi. Kila mmoja aje na kitambulisho cha taifa ili atozwe kiwango cha Mtanzania. Kiongozi mwenye leseni ni lazima, na kwa watu 8 chukueni wawili. Sababu ni moja: mtu mmoja akishindwa njiani, kiongozi atashuka naye, na mkiwa na mmoja tu kundi zima litalazimika kugeuka.

Mama_Kihamba
Naongezea mavazi. Kila mkipanda mita 1,000 joto linashuka nyuzi kama 6. Moshi ikiwa 24, Mandara tarajieni 12 au 13, na Julai upande huu msitu unashinda kwenye ukungu na manyunyu. Jinzi na tisheti ya pamba ni adui. Zikilowa jasho au mvua hazikauki, na mkikaa kula dakika 20 meno yanaanza kugongana. Vaeni suruali nyepesi ya mazoezi na jezi ya mpira. Bei yake mitumbani si kitu. Kwenye begi wekeni sweta au fulana nzito, koti la mvua, soksi kavu na tisheti ya pili. Mkifika Mandara, badilisheni tisheti KABLA ya kukaa.

Soksi mbili, nyembamba ndani na nene nje, zinapunguza msuguano. Mtu akihisi sehemu ya mguu inachoma, asimame hapohapo abandike plasta. Akisubiri mapumziko, lengelenge limeshajaa maji. Na suruali ichomekwe ndani ya soksi, maana siafu huvuka njia msituni na hawana salamu.

Maji ni lita 2 na nusu hadi 3 kwa kila mtu, kwenye chupa za kudumu, kwa sababu chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi mlimani. Rambo (mifuko ya plastiki) nazo msije nazo, zilipigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019. Lita moja kati ya hizo itieni vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu, si vya kilima. Hiyo ni ya kushukia, wakati misuli inabana. Chakula: viazi vya kuchemsha, mayai, chapati, ndizi mbivu, karanga. Kuku wa kukaanga na soda vinapendwa, lakini tumbo zito na njia ya kupanda havielewani.

Mbega_wa_Rau
Mtoto wa miaka 6 abaki. Si suala la mapafu tu. Njia ni kilomita 16 kwenda na kurudi, na akichoka kwenye kilomita ya 6 atabebwa na mtu ambaye naye hajazoea, kwenye mizizi yenye utelezi. Huyo mpelekeni Materuni siku nyingine: maporomoko ya kama mita 80, kutembea hakuzidi saa moja, mnalipa kwa wanakijiji pale. Maji yake ni baridi sana, na asisimame chini kabisa ya maporomoko kwa sababu mawe huanguka. Au msitu wa Rau, tambarare, pembeni tu ya mji, na mbega wapo.

Kuhusu mwendo: anayetembea polepole kuliko wote akae mbele. Akiwekwa nyuma, wenzake wanamsubiri wakipumzika, yeye akifika wanaondoka, hapumziki hata mara moja. Kipimo ni mazungumzo: asiyeweza kumaliza sentensi anakwenda kasi mno. Kisambioni, katikati ya njia, pumzikeni dakika 15 si zaidi.

Naongeza jambo moja kwenye ratiba ya Kibo_Kusini. Mkifika Mandara msile kwanza. Badilisheni nguo, kunyweni maji, nendeni kreta ya Maundi moja kwa moja, ni dakika 15 hadi 20. Mawingu yanazidi kadiri mchana unavyosogea, na miguu ikishapoa baada ya chakula nusu ya kundi itasema "tutaona kwenye picha zenu". Kukiwa wazi mnaona vilele vya Mawenzi na Kibo, na upande wa chini tambarare za Kenya.

Njiapanda_Himo
Asanteni sana wakuu. Mtoto tumemwondoa kwenye orodha, mama yake amekubali. Swali moja: kichwa kikianza kuuma juu, dawa ya maumivu inatosha?

Kibo_Kusini
Maundi kwanza, nakubali, ila saa 8 ya kugeuza ibaki palepale.

Kichwa: mara nyingi kule ni ukosefu wa maji au njaa. Anywe nusu lita, ale, apumzike dakika 20. Kikitulia, mnaendelea. Lakini kuanzia mita 2,500 ugonjwa wa kimo (unaoletwa na hewa nyembamba ya juu) unaweza kuanza, kwa hiyo kichwa kikiambatana na kutapika, au mtu akiyumba akitembea mstari ulionyooka, anashushwa wakati huohuo na kiongozi mmoja. Asipewe dawa ili apande zaidi, maana inaficha dalili.

Kushuka: hatua fupi, magoti yakunjwe kidogo, na fimbo moja kwa kila mwenye magoti mabovu. Watu wengi wanateguka kifundo kilomita 2 za mwisho, wakishaliona geti kichwani na kuanza kukimbia. Tochi ndogo mbili ziwe na viongozi, hata kama hamtazamii kuzitumia.