Mwanafunzi wa radiografia aachwe apige picha peke yake lini?

Zamu ya Asubuhi aliuliza:

Wanataaluma wenzangu, salaam. Mimi ni mtaalamu wa radiografia katika hospitali moja ya rufaa ya mkoa hapa Tanzania, mwaka wa tatu kazini. Mwezi huu tumepokea wanafunzi wanne wa stashahada, na mimi ndiye niliyekabidhiwa kuwasimamia. Chumba cha eksirei kinachofanya kazi ni kimoja, na foleni huanza saa moja asubuhi.

Juzi nilimwacha mmoja wao, kijana hodari kwa kweli, apige picha ya kifua ya mzee mmoja wakati nikizungumza na daktari wa wodi mlangoni. Niliporudi kwenye kompyuta nilikuta picha tatu za kifua hichohicho. Katika ya kwanza mifupa bapa ya mabega ilikuwa imefunika mapafu, katika ya pili mzee hakuwa amevuta pumzi ya kutosha, na ya tatu, ambayo ndiyo aliyonionyesha kwa furaha, ilikuwa nzuri. Sikumfokea, lakini usiku usingizi ulinipaa, kwa sababu mzee yule alipigwa mionzi mara mbili zaidi akiwa mikononi mwangu.

Je, nisimame naye kwa kila picha hata foleni ifike jioni, au upo mpaka mnaoutumia? Na ninapotia saini kwenye daftari lake la mazoezi, ninashuhudia nini hasa?

Mkufunzi Mstaafu alijibu:

Ndugu yangu, usikoseshwe usingizi na kiasi cha mionzi. Picha moja ya kifua ni takribani milisiviati (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) 0.02, sawa na mionzi ya asili ambayo mtu huipata kwa siku chache tu. Kinachostahili kukunyima usingizi ni alichojifunza kijana siku ile, kwamba inawezekana kurudia na kurudia mpaka picha ipendeze, kisha ukaonyesha ile nzuri tu. Mazoea hayo akiyahamishia kwenye uti wa mgongo wa kiunoni, ambako uchunguzi mmoja hukadiriwa kuwa milisiviati 1.5, hesabu inakuwa nyingine kabisa.

Mimi nilikuwa namwacha mwanafunzi mapema kwenye mkono na kifundo cha mguu, lakini pale alipotaka kurudia nilikuwa karibu naye daima, hata awe wa mwaka wa mwisho. Kabla hajarudia alipaswa kuniambia kwa kinywa chake kosa ni nini na atabadilisha nini. Mwanafunzi aliyeweza kusema "sikuyasukuma mabega yake mbele yakagusa kaseti", yaani bamba la kunasia picha, alikuwa amejifunza. Aliyesema "picha imetoka vibaya" alikuwa bado, na huyo sikumruhusu aguse kitufe.

Kuhusu saini, usitie kwenye uchunguzi ambao hukuuona kwa macho yako. Wapo wanaoletewa daftari Ijumaa jioni likiwa na mistari arobaini wakasaini yote wakinywa chai. Mimi naliona hilo ni kosa kubwa kuliko la kijana wako.

Mzaliwa wa Tanga, Marekani, alijibu:

Mkufunzi amesema kweli, na huku ninakofanya kazi jambo hilo limewekwa katika viwango vya kuidhinisha vyuo. Kabla mwanafunzi hajathibitishwa kuuweza uchunguzi fulani, msimamizi hulinganisha maombi ya daktari na uwezo wa mwanafunzi, huitazama hali ya mgonjwa, huwepo chumbani wakati wa kupiga, kisha huikagua picha. Akishathibitishwa, msimamizi anaweza kuwa nje, mradi apatikane mara moja anapoitwa. Picha ya kurudia haina msamaha huo: msimamizi lazima awepo, hata kama mwanafunzi ameshafaulu uchunguzi huo.

Naongeza tahadhari moja kwa wenye mashine za kidijitali, maana zinasamehe mno. Picha iliyopigwa kwa mionzi haba huonekana na chengachenga, lakini iliyopigwa kwa mionzi mingi kupita kiasi huonekana safi, kwa hiyo mwanafunzi hujifunza polepole kupandisha vipimo vya mionzi kwenye mashine bila kujua kwamba anakosea. Vilevile huacha uwanja wa mionzi wazi kupita sehemu inayotakiwa, kisha huikata picha kwenye kompyuta ili ionekane ilibanwa vizuri. Mwombe akuonyeshe picha kabla ya kukatwa, na akusomee namba ya mionzi iliyofika kwenye detekta, yaani bamba linalopokea picha.

Mama wa Chumba Namba Mbili alijibu:

Mimi nitagusia jambo ambalo wanaume hulisahau. Wanafunzi wengi, hasa vijana wa kiume, huona haya kumuuliza mwanamke tarehe ya hedhi yake ya mwisho kabla ya picha ya tumbo au nyonga, hivyo hujaza fomu kwa kukisia. Nilimkuta mmoja ameandika "hana mimba" kwa mama ambaye hakuwa ameulizwa lolote. Tangu hapo nawafundisha maneno yenyewe, mlango ukiwa umefungwa na ndugu wa mgonjwa wakiwa nje: "Shikamoo mama. Samahani, kabla ya picha hii ninapaswa kukuuliza, siku zako mara ya mwisho uliziona lini?" Wakirudia mbele yangu mara tano, haya hupungua.

Pia usikubali mwanafunzi atumike kumshika mtoto anayelia. Tumia vifaa vya kumtuliza kwanza, na ikishindikana mzazi avae aproni ya madini ya risasi, inayozuia mionzi, amshike mwenyewe. Mwanafunzi asiye na beji ya kupima mionzi asiingie chumbani kabisa, kwa kuwa wengine huja wakiwa na miaka 17, na kwa umri huo kikomo cha kimataifa ni milisiviati 6 kwa mwaka badala ya wastani wa 20 tuliowekewa sisi.

Zamu ya Asubuhi aliandika tena:

Nawashukuru sana, na shikamoo Mkufunzi. Jana niliwaambia wote wanne kwamba hakuna kurudia bila kuniita. Leo saa nne kijana yuleyule alikuja kuniita kwa ajili ya goti lililopigwa kwa ubavu, akasema mguu ulizunguka kidogo na kwamba angeweka sifongo chini ya kifundo. Tuliitazama picha pamoja, tukasoma alichouliza daktari, ambacho kilikuwa ni mpasuko wa kilegesambwa tu, nao ulionekana wazi. Hatukurudia.